Wapambe Walikwenda Bila Bibi Arusi

Barua ilisomwa Jumapili nje ya kanisa baada ya misa, na aliyeisoma ni Bernardo katekista, mtu ambaye tangu ajue kusoma hajawahi kuona karatasi akainyamazia.

Mwalimu Adelfina alikuwa kando na wanawake wa jumuiya yake, mkoba mkononi, wakizungumza habari za mvua za Februari, aliposikia jina la mama mkwe wake likitajwa kwa sauti ile ile iliyosoma somo la kwanza.

"Kwa familia ya Bibi Eustakia, Nyakisasa, kwa mkono wa katekista. Unga wa dawa mliotupatia Agosti mwaka jana tumeupima. Kwa hadubini tumeona kuwa ni majani makavu ya maharage yaliyochanganywa na majani ya maboga. Maji yake tuliyajaribu juu ya virusi vya jamii ya vile viletavyo mkanda wa jeshi. Hayakuzuia chochote. Tunawashukuru kwa ushirikiano."

Felisita, kiongozi wa kwaya, mwanamke asiyeweza kuacha kimya kipite bure, akasema:

"Kumbe! Mimi dawa hiyo huwa naila na ugali, sijui hata kama naumwa."

Watu wakacheka. Walicheka vizuri, kwa mapafu yote, na mzee mmoja ilibidi ashike mti. Bernardo alikunja barua akamkabidhi Adelfina kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kana kwamba hakuwa amefanya lolote.

"Mwalimu, ni ya kwenu."

"Nimesikia, Katekista. Hata viziwi wamesikia."

Alitembea kwenda nyumbani bila kugeuka. Miaka kumi na mmoja tangu Nduwayo, mumewe, azikwe, alikuwa amelibeba jina la nyumba ile kama mtu abebaye mtungi uliojaa kwenye njia ya utelezi. Watoto wake wote walisoma. Hakuna aliyemwona kwenye kilabu cha pombe, hakuna aliyemsikia akigombana na jirani. Kila Jumamosi alipalilia na kufagia kaburi la mumewe nyuma ya migomba hadi udongo ukabaki mtupu kama sakafu ya darasa, ingawa siku hizi kulikuwa na gugu moja linalotambaa ambalo lilimkera sana: analing'oa leo, Jumamosi ijayo limerudi, tena mahali pale pale, kando ya msalaba. Na leo jina hilo la Nduwayo limechekwa mbele ya kanisa kwa sababu ya majani ya maharage.

Eustakia alikuwa uani akipepeta mtama. Kwa makisio ya parokia alikuwa na miaka sabini na minne. Alizaliwa upande ule ambao baadaye uliitwa Benaco, penye kambi ya wakimbizi. Wakati huo hapakuwa na jina hilo wala barabara, kulikuwa na kilima, ng'ombe na upepo. Dawa alifundishwa na shangazi yake kabla ya kuolewa kuja Nyakisasa. Ilikuwa dawa moja tu. Hakujua dawa ya homa, wala ya tumbo, wala ya kumrudisha mume, na aliyekuja kuuliza hayo alimfukuza. Alijua ya mkanda wa jeshi: yale malengelenge yanayouzunguka ubavu mmoja na kuunguza kama maji ya moto. Alitwanga jani chumbani, mlango umefungwa, akapaka, akarudia kwa siku saba. Hakupokea kitu. Mgonjwa aliondoka bila kusema asante, kwa maana dawa iliyoshukuriwa hugeuka, na akipona alirudi na ukuni mmoja, akauegemeza ukutani, akaenda zake.

Katika miaka ile kuni ukutani zilikuwa nyingi. Mkanda wa jeshi ulikuwa umewazidi hata vijana, na kila mtu alijua ni ugonjwa gani mkubwa mara nyingi hujionyesha kwanza hivyo, kwa hiyo walikuja kimya kimya, wakizunguka nyuma ya migomba. Eustakia hakumtaja mtu hata mmoja. Kwa hilo Adelfina, ambaye hakuamini sana majani, alimheshimu. Lakini mwaka alipoolewa, mama mkwe alipomwambia, "Njoo chumbani nikuonyeshe jani, mwanangu," alijibu kitu ambacho mpaka leo hapendi kukikumbuka. Alijibu, "Mama, mimi nina cheti."

Hakuitwa tena.

"Mama," alisema sasa, barua mkononi, "yule binti wa chuo ulimpa nini?"

Eustakia hakuacha kupepeta. "Binti gani?"

"Kwandu. Yule Msukuma aliyekuja Agosti. Aliyekunywa chai kwenye vikombe vyangu vya harusi."

"Ah, yule. Nilimpa wapambe."

"Wapambe gani?"

"Mwalimu, wewe umesoma. Bibi arusi hutoka peke yake? Si hufunikwa, akawekwa katikati ya wasichana wengine, ili mwenye jicho baya asijue yupi ni yupi? Na jani ni hivyo hivyo. Likitoka nyumba hii halitoki peke yake. Linatoka na maharage, linatoka na maboga. Shangazi alifanya hivyo, na mama yake shangazi."

"Sawa. Lakini barua inasema maharage na maboga tu. Bibi arusi yuko wapi?"

"Alibaki nyumbani."

Adelfina aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, jambo ambalo asingelifanya mbele ya watu.

"Mama, ulimpa mgeni wapambe watupu?"

"Alikuja mikono mitupu. Ana kalamu. Anauliza, anaandika, anauliza, anaandika. Hakuleta mshenga wala kibuyu. Nikasema, ngoja nimpe wapambe nione kama ana akili. Mtu mwenye akili akiona wapambe atarudi kuuliza, bibi arusi yuko wapi? Yeye ameandika barua kwamba wapambe hawazai!" Akacheka hadi mtama ukamwagika. "Hata mimi najua hawazai."

"Wamecheka kanisani, Mama. Wanasema tumewalisha watu mboga miaka arobaini."

"Wacheke. Felisita mwenyewe alileta ukuni wake hapa mwaka juzi. Nenda kautazame, ni ule wa mkaratusi."

"Siwezi kusema hilo!"

"Ndiyo, huwezi. Wala mimi siwezi. Basi wacha wacheke."

Hapo ndipo palipomkaba Adelfina. Waliopona walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja ambaye angesimama na kusema "mimi," na nyumba haikuweza kuwataja. Ilibaki karatasi. Palikuwa na karatasi moja iliyosema ni maharage, na dawa ya karatasi ni karatasi nyingine.

Alhamisi iliyofuata aliomba ruhusa shuleni akapanda basi kwenda Biharamulo, alikopanga Kwandu, chumba kimoja njia ya kupandia boma la Wajerumani. Njiani aliona vilima alivyovifahamu tangu usichana, na hakuvifahamu. Tangu wakimbizi wavuke mpaka kwenye daraja la Rusumo miaka miwili nyuma, kila mti ulikuwa umekwenda jikoni. Hakuwalaumu, maharage ya msaada hayaivi kwa sala, na watu laki kadhaa hupika kila siku. Lakini macho yalimuuma.

Chumba cha Kwandu kilinuka majani makavu. Palikuwa na marundo ya magazeti yamebanwa kati ya mbao na kufungwa kwa mikanda, na ndani ya kila gazeti tawi lililolala kama limepigwa pasi. Kwandu alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na sita, mrefu, mpole, mwenye madoa ya wino vidoleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya barua yako."

Kwandu akainamisha kichwa. "Nimesikia ilisomwa hadharani. Samahani sana. Niliandika 'kwa mkono wa katekista.' Sikuandika kwa mdomo wake."

Adelfina nusura acheke, akajizuia. Alieleza habari ya wapambe, upesi na kwa aibu, kama mtu anayemtaja ndugu mlevi.

Msichana hakucheka. Alishika kichwa. "Kosa ni langu. Sheria ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba usipokee unga. Chukua tawi lenye jani na ua, upaone linapoota. Bibi aliponiambia tawi limekwenda shamba, nikaona haya kumbishia mzee. Nikaupokea. Miezi sita ya maabara, Mwalimu, tumepima mboga."

"Na mkipima jani lenyewe likashindwa?"

"Litakuwa limeshindwa lenyewe, si wapambe wake. Na hata likizuia virusi, nakwambia mapema usije ukawatangazia watu. Sisi tunaweka maji ya jani kwenye kichupa chenye chembe hai na virusi, tunatazama kama virusi vinaendelea kuzaana. Kichupa si mtu. Kitu kinaweza kuua virusi kwenye kichupa, na kikamuua mtu pia. Tena mkanda wa jeshi kwa wengi hukauka wenyewe baada ya wiki chache. Huenda Bibi anawaponya, huenda anawafariji tu mpaka unapona. Ndiyo maana tunapima."

Adelfina aliyapenda maneno hayo. Yalikuwa maneno ya mtu aliyelelewa. "Utakuja lini?"

"Jumamosi hii au basi. Jumatatu narudi Dar es Salaam, na safari nyingine hatuna."

"Njoo na mshenga, basi," alisema Adelfina, na kila neno lilimtoka kama jino. "Na kibuyu cha pombe ya ndizi. Ndivyo anavyotaka."

Kwandu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hata kwetu mtu haendi kuposa na bahasha. Nani anaweza kuwa mshenga?"

Palikuwa na mtu mmoja tu Nyakisasa mwenye mdomo wa kutosha.

Jumamosi Adelfina aliamka kukiwa bado na ukungu. Alifagia uwanja, alisugua vikombe vya harusi, akaenda kaburini na jembe, kwa maana mgeni wa chuo asingeona nyumba hii na kaburi chafu. Lile gugu lilikuwa limerudi, safari hii limechanua viua vidogo vya zambarau. Alilisakama. Alifuata mizizi yake chini ya kokoto, akaing'oa yote mpaka wa mwisho, akabeba mzigo mzima akautupa kwenye migomba uwe mbolea. Akafagia juu yake. Kaburi liling'aa.

Saa nne Bernardo alitokea, amevaa koti, kibuyu begani, Kwandu nyuma yake na mbao zake za kubania.

"Hodi wenye nyumba! Tumepita njia tukaona moshi, tukasema hapa pana watu!"

"Watu wapo," alijibu Eustakia kutoka kwenye mkeka wake. Alikuwa amevaa vazi la Pasaka. "Lakini hatujui kama nyie ni watu au ni wasoma barua."

Bernardo akameza mate. "Bibi, mdomo uliokosa ndio umekuja kuomba radhi, na umekuja na kibuyu."

"Weka hapo. Mnataka nini?"

"Tumesikia nyumba hii ina binti. Mara ya kwanza tulikuja kijinga tukapewa wapambe. Tumekaa nao, ni watu wazuri, wanapika vizuri, lakini moyo wetu haukutulia."

"Nyumba hii ina mabinti wengi. Kuna maharage, kuna maboga. Kuna matembele pia, hajaolewa."

"Matembele tunamheshimu, Bibi. Tunamtaka yule anayejificha."

"Mtamtunza? Au mtamsaga mkamsahau kwenye chupa?"

Kwandu akapiga magoti kwenye vumbi, na sketi yake ilikuwa nyeupe. "Shikamoo, Bibi. Tutaandika jina lake, na jina la kwao, na jina la aliyetupatia. Akitupwa, atatupwa na jina lako juu yake, na mimi nitaona aibu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Eustakia alikunywa funda moja la pombe, akapitisha kibuyu. Mambo haya yalichukua karibu saa nzima, na Adelfina muda wote alikuwa akimwaga chai na kusaga meno, akifikiri kwamba walimu wenzake wakipita hapa atasema nini. Hatimaye bibi akafuta mdomo.

"Haya. Pale kwetu alipokuwa akikaa hapana kitu tena. Kilima chetu kimechomwa chote, hata nyasi. Miti ilipoanza kukatwa nilikwenda na kikapu nikawachukua wachache. Nikawaza, niwaweke wapi? Shambani kuna mbuzi. Uani kuna Mwalimu na jembe lake. Msituni kuna watafuta kuni. Nikaona pako mahali pamoja ambapo mbuzi hafiki, mtafuta kuni hagusi, na Mwalimu ataona haya kuchimba." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya migomba. "Bibi arusi yuko kwa mwanangu. Anamfunika miguu."

Birika lilibaki hewani mkononi mwa Adelfina.

"Kando ya msalaba?" aliuliza.

"Kando ya msalaba. Mbuzi wa nani sijui anamla kila Jumamosi, nami kila Jumatatu naotesha tena kipande alichobakiza."

"Mama."

"Nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Una cheti," alisema Eustakia.

Adelfina aliweka birika chini, akapandisha gauni lake, akakimbia. Mwalimu mkuu msaidizi, mjane wa Nduwayo, mwenyekiti wa jumuiya, alikimbia mbele ya katekista mpaka kwenye migomba, akapiga magoti katika majani yaliyooza na kuanza kupekua kwa mikono. Kwandu alimfuata. Bernardo naye akaja, akasimama na kuuliza kama kuna mtu amepoteza pete.

"Chimba, Katekista! Kitu kinachotambaa, ua la zambarau, jani jeupe chini!"

Jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Walipata shina moja lililonyauka, likavunjika, wakapata la pili. Kuku walikuwa wameparua rundo lote. Adelfina alikuwa akinong'ona. Bernardo alidhani anasali, lakini kwa kweli alikuwa akijitukana kwa Kihangaza, maneno ambayo hakuyatumia tangu utoto. Hatimaye chini kabisa, palipokuwa na unyevu wa gogo la mgomba, walipata vipande vitano bado vikiwa na mizizi na uhai, na kimoja kilikuwa na ua.

Vinne vilirudishwa kaburini. Eustakia aliviotesha mwenyewe, amekaa, akielekeza kwa fimbo, na safari hii Adelfina ndiye aliyechimba mashimo na kumwaga maji, akajua jani lilivyo, juu na chini, na mzizi unavyolala. Alilijua akiwa na miaka hamsini na mbili, baada ya kuwa mkwe kwa miaka thelathini. Jina lake halitaandikwa hapa. Bibi alilitoa kwa kuposwa, si kwa kutangazwa.

Cha tano, chenye ua, Kwandu alikilaza kwenye gazeti na kukinyoosha kwa ncha ya kidole. Kilikuwa cha kubania na kutambulia mmea tu. Majani ya kupimwa, alisema, yatavunwa vipande hivi vikikua, na Mwalimu atayatuma kwa basi, majani mazima, si unga. Kisha akatoa kikaratasi na kuanza kuandika kwa wino, akitamka alichoandika, kwa sababu bibi alitaka kusikia.

"Umetolewa na Bibi Eustakia, Nyakisasa, wilaya ya Ngara."

Adelfina alivuta pumzi. Hatimaye karatasi. Jina la nyumba, kwa wino, litakalokaa kwenye kabati la chuo.

"Mahali ulipoota," aliendelea Kwandu, "juu ya kaburi."

"Hapana," alisema Adelfina. "Andika bustanini."

"Mwalimu, siwezi. Lazima niandike mahali penyewe."

"Basi andika 'makaburi ya familia, yanayotunzwa vizuri.'"

Kwandu alimtazama, akatazama magoti yake yaliyojaa matope, kwa huruma. "Lakini ukiyatunza vizuri hauoti. Ndiyo kitu mtu anayekuja baada yangu atahitaji kujua." Akaandika, na akasoma taratibu: "Kaburi lisilopaliliwa."

Eustakia alicheka mpaka akakohoa.

Barua kutoka chuoni ilikuja baada ya mwaka mpya, safari hii kwa jina la Mwalimu na imefungwa kwa gundi. Ilisema jani limetambuliwa. Ilisema maji ya majani aliyoyatuma Oktoba yamepunguza kuzaana kwa virusi kwenye kichupa, mara mbili kati ya majaribio matatu, na ya tatu hawaelewi kwa nini. Ilisema wataendelea, na kwamba asimwambie mtu yeyote kuwa ni dawa iliyothibitishwa. Adelfina aliisoma mara nne. Ilikuwa barua nzuri, isiyofaa kusomwa mbele ya kanisa hata kidogo. Watu wangesikia "imethibitishwa" mahali palipoandikwa haijathibitishwa. Aliikunja akaitia ndani ya Biblia.

Kwa hiyo Felisita bado anatania habari za maharage. Wakimbizi walikuwa wamerudi kwao Desemba, barabara ikajaa kwa siku kadhaa kisha ikawa tupu, na vilima vilibaki uchi. Kaburi la Nduwayo sasa limefunikwa na mmea unaotambaa, kuanzia msalabani hadi miguuni, na wanawake wa jumuiya wakipita njia ya kisimani hupunguza mwendo, wakanong'onezana.

"Mwalimu kamsahau mume wake."

"Mjane akizeeka ndivyo."

"Hata kufagia! Na alivyokuwa anajisikia."

Adelfina huwasikia kutoka jikoni. Jumamosi asubuhi mkono wake bado huenda kwenye jembe wenyewe. Hulishika, hulipima, hulirudisha nyuma ya mlango, kisha huchukua kopo la maji na kwenda kulimwagilia lile gugu, akiwa amekunja uso, mgongo wake ukielekea njia ya kisimani.